Mlima, Vita na Ndege Zilizochoka: Historia ya Njia ya Ndege ya Goma

Uwanja wa ndege wa Goma, mashariki mwa Kongo, una ncha mbili, na zote mbili zimewahi kuua. Ncha ya kaskazini inatazama kijiji cha Munigi na mteremko wa volkeno ya Nyiragongo. Ya kusini inakomea kwenye mabanda na nyumba za Birere, mtaa wa soko ulio ndani kabisa ya mji. Kati ya ncha hizo zimetua ndege za abiria, za wanajeshi, za misaada na za madini, nyingi zikiwa zimekwisha kuzeeka kabla ya kuifikia Kivu. Baadhi hazikuondoka tena.

Mwaka 2002 mlima ulimwaga lava juu ya lami hiyo, na kwa watu wengi wa mbali habari iliishia hapo: volkeno imelipuka, uwanja umeharibika. Lakini lava ilimaliza kazi yake kwa siku moja. Vifo vya kwenye njia ile ya ndege vilikuja baadaye, mwaka baada ya mwaka, kwa sababu kilichoharibika hakikutengenezwa kwa wakati.

Mji chini ya mlima: hadi 1977

Goma ulianza kama kituo kidogo cha Wabelgiji kwenye ukingo wa Ziwa Kivu, ukitazamana na Gisenyi iliyokuwa ya Wajerumani. Kutoka hapo hadi Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,500 kwa njia ya anga, na kwa barabara safari hiyo ilizidi kuwa ngumu kila muongo. Madaraja yalioza, msitu ukarudi, matope yakameza njia za malori. Serikali ya Rais Mobutu ilipoacha kuzitunza barabara, mashariki ya nchi ilibaki imeunganishwa na mji mkuu kwa ndege. Shirika la taifa lilianzishwa mwaka 1961 kwa jina la Air Congo, na mwaka 1971 likaitwa Air Zaïre.

Njia ya ndege ya Goma ilinyooshwa kaskazini kwenda kusini, kwa urefu wa mita 3,000. Urefu huo haukuwa wa fahari. Uwanja uko kama mita 1,550 juu ya usawa wa bahari, na mahali pa juu namna hiyo hewa ni nyepesi: mabawa hupata nguvu kidogo, injini nazo hupumua kwa shida, hivyo ndege huhitaji kukimbia mbali zaidi kabla ya kuinuka. Kaskazini kuna mlima na kusini kuna ziwa, kwa hiyo marubani walizoea kuingia wakitokea upande wa ziwa na kuruka wakielekea ziwani. Desturi hiyo ndiyo iliyokuja kuamua nani afie ncha ipi.

Nyiragongo una kimo cha mita 3,470, na kwa miongo mingi kreta yake imekuwa ikibeba ziwa la lava. Lava yake ina silika kidogo mno, kwa hiyo hutiririka haraka kuliko ya volkeno nyingi duniani. Asubuhi ya tarehe 10 Januari 1977 ubavu wa mlima ulipasuka na ziwa lile likamwagika kwa muda usiofikia saa moja. Katika miteremko mikali watu hawakuweza kuikimbia. Hesabu rasmi ilitaja wafu wapatao 70, ingawa wengine husema walikuwa mamia. Mkondo mmoja ulishuka kuelekea mjini ukaishia jirani na uwanja wa ndege.

Lilikuwa onyo lililo wazi: lava ilikuwa imeonyesha njia yake. Hata hivyo, mlima ulitulia, wakulima wakarudi kwenye udongo wenye rutuba, na uwanja ukaendelea kufanya kazi pale pale. Mji wenyewe umekaa juu ya lava za kale, na kwa wakazi wake tambarare nyingine ya kujenga uwanja haikuwepo karibu.

Antonov na wakimbizi: 1991–1994

Mwishoni mwa 1991 Umoja wa Kisovieti ulivunjika. Majeshi yaliyokuwa na ndege za mizigo kwa mamia hayakuwa tena na fedha za kuzirusha, na wafanyabiashara wakazipata kwa bei ya chini. Afrika ikawa soko kubwa la ndege hizo. Air Zaïre nayo ilikuwa ikidhoofika, na mwaka 1995 ikafilisika. Pengo lake likajazwa na mashirika madogo yenye ndege mbili au tatu, mara nyingi na marubani waliokuja pamoja na ndege zao kutoka Urusi, Ukraine na kwingineko.

Ndege hizo zilikuwa askari wastaafu. Antonov 12 iliruka mara ya kwanza mwaka 1957, ikitengenezwa kubeba wanajeshi na magari ya kivita. Mkiani ilikuwa na chumba cha mpiga bunduki, na hata ndege ilipogeuzwa kuwa ya mizigo, ile sehemu ya mkiani mara nyingi iliachwa ilivyo, bila bunduki wala askari. Puani ilikuwa na vioo vya kumsaidia mwelekezi kuona ardhi kwa macho yake. Antonov 26, iliyofuata mwaka 1969, ilikuwa na mlango mpana chini ya mkia, hivyo wapagazi waliweza kupitisha magunia moja kwa moja hadi tumboni. Antonov 2, yenye mabawa mawili juu kwa chini na injini moja, ilibuniwa mwaka 1947, na iliweza kutua kwenye nyasi au kipande cha barabara. Kwa nchi isiyo na barabara, zilikuwa ndege zinazofaa hasa, ilimradi zitunzwe.

Mwaka 1994 njia ya Goma ilipata mzigo ambao haikuwahi kuuona. Mwezi Juni Ufaransa iliingiza kikosi cha Operesheni Turquoise, na Goma ukawa mlango wake. Ndege za Transall na Antonov 124 kubwa za kukodi zilishusha askari na magari. Katikati ya Julai, baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi nchini Rwanda na kushindwa kwa serikali iliyoyaendesha, watu zaidi ya 800,000 walivuka mpaka katika siku chache, na miongoni mwao walikuwemo wauaji wenyewe.

Munigi, kando ya uwanja, pakawa kambi. Kipindupindu kilipozuka, maji hayakupatikana kwenye ardhi ile ya mawe, na makaburi hayakuchimbika. Askari wa Kifaransa walilazimika kutumia mashine nzito kuzika maiti. Kiasi cha watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza. Wakati huohuo ndege za Marekani na za nchi nyingine zilishuka mchana na usiku zikileta mitambo ya kusafishia maji, dawa na chakula. Dunia ilijifunza jina la Goma kupitia lami hiyo.

Lami ya vita: 1996–2001

Novemba 1996 waasi wa AFDL pamoja na jeshi la Rwanda waliuteka mji. Aliyekuwa na uwanja wa Goma sasa alikuwa na uwezo wa kupeleka askari na risasi popote mashariki.

Uthibitisho ulikuja tarehe 4 Agosti 1998. Vita vya pili vya Kongo vilikuwa na siku mbili tu tangu vianze. James Kabarebe, aliyekuwa mkuu wa majeshi ya Kongo kabla ya kuachishwa kazi, aliamuru ndege za abiria zitekwe papo hapo Goma, akazijaza wanajeshi na kuzielekeza Kitona, karibu na Bahari ya Atlantiki, upande wa pili kabisa wa nchi. Askari hao waliikaribia Kinshasa, na ni majeshi ya Angola na Zimbabwe yaliyowazuia. Mpango ulishindwa, lakini ulionyesha kwamba vita vya Kongo vingeweza kuruka juu ya msitu mzima kwa saa chache, vikianzia kwenye lami iliyo chini ya Nyiragongo.

Nchi ikagawanyika. Goma ukawa makao ya kundi la waasi la RCD, na biashara yote ya eneo lake ikategemea anga. Koltani na kasiterite zilitoka maporini kwa ndege ndogo, na bia, mafuta, sabuni na risasi zilirudi kwa njia hiyohiyo. Huko Walikale ndege zilitua kwenye kipande cha barabara ya lami mahali paitwapo Kilambo. Umri wa ndege haukuulizwa. Ikiharibika, ilisogezwa pembeni mwa uwanja wa Goma ili vipuri vyake viipe uhai nyingine. Ndivyo lilivyoanza kundi la ndege zisizoruka.

17 Januari 2002

Siku chache kabla, mtaalamu wa volkeno Dieudonné Wafula alikuwa ameonya kwamba mlima unajiandaa. Vifaa vya kupimia vilikuwa vichache mno na vita vilikuwa vimewanyima watafiti fedha na usalama.

Asubuhi ya tarehe 17 ubavu wa kusini ulifunguka. Tofauti na 1977, safari hii ufa haukubaki juu mlimani. Uliteremka hatua kwa hatua kuelekea mjini, na alasiri matundu mapya yakafunguka karibu na Munigi, hatua chache kaskazini mwa uwanja. Watu waliodhani lava itatoka kwenye kreta na kuwapa muda waliiona ikichomoza jirani na mashamba yao.

Kutoka hapo mkondo haukuwa na kizuizi. Ulishuka juu ya uwanja, ukafunika theluthi ya kaskazini ya njia ya ndege, kama kilomita moja, kisha ukaendelea kupitia katikati ya mji hadi ukaingia ziwani. Jengo la abiria na maegesho ya ndege vilikuwa upande huo wa kaskazini. Vyote vikatengwa na lami iliyobaki. Ndege iliyokuwa imeegeshwa huko, hata kama haikuguswa na moto, ilikuwa imefungiwa: mbele yake palikuwa na ukuta wa mawe meusi yanayofuka moshi, na hakuna ndege inayoweza kupita juu ya mawe kwa magurudumu.

Mamia ya maelfu ya wakazi walikimbilia Gisenyi usiku huo. Kwa jumla watu wapatao 120,000 walipoteza makazi. Baada ya siku chache wengi walirudi kwa miguu, wakikanyaga lava iliyokuwa bado na joto, kwa kuwa kambini hapakuwa na la kuwasubiri. Tarehe 21 Januari kituo cha mafuta kilichozungukwa na lava kililipuka wakati watu wakichota petroli, na makumi wakaungua. Mji ukaanza kujijenga juu ya mawe yaleyale. Kuna nyumba ambazo ghorofa ya kwanza ilikuwa sasa ndiyo ya chini.

Mita 2,000: 2002–2009

Njia ya ndege nayo ilirudishwa kazini, lakini kwa sehemu yake ya kusini tu, kiasi cha mita 2,000. Kwa ndege ndogo zilitosha. Kwa ndege kubwa, kwenye mwinuko ule na mvua za Kivu, zilikuwa chache, na mbaya zaidi ni kwamba hapakuwa na nafasi ya akiba upande wowote. Viwanja vingi huacha eneo tupu mwisho wa lami ili ndege iliyoshindwa kusimama ipate pa kupotelea. Goma kaskazini palikuwa na lava, na kusini palikuwa na watu.

Birere ilikuwa imesongamana hadi kwenye uzio. Wafanyabiashara walihitaji kuwa karibu na mizigo, na wakimbizi wa vita vya vijijini walihitaji kuwa karibu na kibarua. Hakuna aliyewaondoa.

Tarehe 7 Septemba 2007 Antonov 12 iliyotoka Kisangani na mawese ilitua ikielekea kaskazini, ikashindwa kusimama, ikagonga mawe ya lava na kuungua. Watu wanane walikufa. Mwewe huyo wa vita baridi aliuawa na lava iliyopoa miaka mitano nyuma.

Tarehe 15 Aprili 2008 ilikuwa zamu ya ncha ya kusini. Ndege ya abiria ya shirika la Hewa Bora, aina ya DC-9, ilikimbia kuelekea ziwani bila kuinuka, ikapasua uzio na kuingia Birere wakati wa shughuli za soko. Waliokufa walikuwa karibu 40, na wengi wao hawakuwa abiria. Walikuwa wauzaji, wanunuzi na watu waliokuwa majumbani mwao. Abiria wengi waliokolewa kupitia mwili wa ndege uliopasuka.

Tarehe 19 Novemba 2009 ndege ya MD-82 ya shirika la CAA ilitua, ikaipita lami yote na kusimama ikiwa imepanda juu ya lava. Hakuna aliyekufa, lakini ndege ilikwisha.

Kila ajali ilikuwa na sababu zake: mvua, matairi, injini, uzembe wa ukaguzi. Tayari mwaka 2006 Umoja wa Ulaya ulikuwa umeyazuia karibu mashirika yote ya Kongo kuingia anga yake. Lakini sababu moja ilijirudia katika zote tatu. Makosa ambayo kwenye njia ya mita 3,000 yangeishia kwa rubani kufuta jasho, kwenye mita 2,000 yaliishia msibani.

Makaburi ya ndege

Wakati huo ndege zilizokwama na zilizoharibika ziliendelea kuongezeka pembeni. Maibobo, watoto wanaoishi mitaani, waligundua njia za kupenya. Waliparamia mabawa, wakateleza kwenye mikia, wakakaa kwenye viti vya marubani ambavyo sponji yake ilikuwa imeng'olewa. Mwaka 2012 picha zao zilizunguka dunia na kuwashangaza wengi.

Lakini haikuwa michezo mitupu. Ndege ni alumini, na alumini ni pesa. Katika miji ya Maziwa Makuu mafundi hununua vipande chakavu kwa kilo, huviyeyusha kwenye moto wa makaa unaopulizwa kwa mfuo, kisha humimina uji ule katika kalibu ya mchanga na kutoa sufuria nzito zinazodumu miaka. Karatasi nyembamba ya bawa hukatika kwa patasi kufuata mstari wa ribiti, na ribiti zenyewe huingia chunguni pamoja nayo. Chuma cha magurudumu hakiyeyuki kwa moto huo, kwa hiyo hubaki nyuma.

Kwingineko ndege za zamani zilizoharibiwa na maumbile zilipata bahati tofauti. Tarehe 3 Oktoba 1979 kimbunga kikali kilipiga mji wa Windsor Locks, jimbo la Connecticut nchini Marekani, na kuvunjavunja ndege nyingi za kijeshi za kale zilizokuwa nje ya jumba la makumbusho la Bradley. Wapenzi wa ndege walikusanya mabaki, wakachangisha fedha, wakajenga upya, na leo jumba hilo linaitwa New England Air Museum. Kule ndege zilikuwa zimestaafu, na zilikuwa na watu waliolipwa au kujitolea kuzikumbuka. Za Goma zilifanya kazi hadi siku ya mwisho, na baada ya hapo zikapikia maharage. Tofauti haiko katika ukubwa wa janga. Iko katika nani alikuwepo siku iliyofuata, na alikuwa na nini mfukoni.

Kutengeneza na kubomoa: 2012–2021

Tarehe 20 Novemba 2012 kundi la waasi la M23 liliingia Goma kwa mara ya kwanza, likakaa siku chache. Mwaka uliofuata Umoja wa Mataifa ulileta kikosi cha kuingilia kati chenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, na vilima vya Munigi na Kibati vikawa uwanja wa mapambano. Mwishoni mwa 2013 waasi walikuwa wameshindwa.

Utulivu huo mfupi ulileta wafadhili. Mwaka 2015 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 52 kwa ajili ya usalama wa uwanja wa Goma, ikiwemo kuondoa lava na kukarabati lami. Miaka 13 ilikuwa imepita tangu mlipuko. Hata hivyo, msongamano wa watu kusini haukupungua: tarehe 24 Novemba 2019 Dornier 228 ya shirika la Busy Bee, iliyokuwa ikienda Beni, iliangukia nyumba za mtaa wa Mapendo mara tu baada ya kuruka, na watu zaidi ya 25 wakafa.

Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulipasuka tena. Lava ilikata barabara ya kwenda Rutshuru, ikateketeza maelfu ya nyumba na kusimama Buhene, karibu kabisa na uwanja. Watu zaidi ya 30 walipoteza maisha, na siku tano baadaye mji ukaamriwa kuhamwa kwa hofu ya mlipuko mwingine. Safari hii ndege za Umoja wa Mataifa zilihamishiwa Bukavu na Entebbe mapema. Somo moja la 2002, angalau, lilikuwa limeshikwa: chombo kinachoweza kuruka kisingoje lava mlangoni.

Anga iliyofungwa: tangu 2023

Vita vilirudi, na ndege za kivita pamoja navyo. Tarehe 24 Januari 2023 Sukhoi 25 ya jeshi la Kongo, ndege yenye asili ya Kisovieti, ilirushiwa kombora kutoka upande wa Rwanda, ikatua Goma bawa likiwaka, na moto ukazimwa pale pale uwanjani. Februari 2024 mabomu yaliyorushwa na droni yaliangukia uwanja, na jeshi likasema walengwa walikuwa ndege zake, ingawa zilizoharibika ni za kiraia. Mwishoni mwa Januari 2025 M23 iliuteka mji, mapigano yakapita juu ya uwanja, na ndege zikaacha kutua. Oktoba mwaka huo, mjini Paris, Rais Emmanuel Macron wa Ufaransa alitangaza mpango wa kuufungua kwa misaada, na M23 ikapinga kutohusishwa.

Uwanja huu utafunguliwa siku moja, kwa kuwa Goma haina njia nyingine ya haraka ya kufikiwa. Mjadala utakuwa juu ya nani anaulinda na nani anakata tiketi. Wakazi wa Birere na Munigi wana swali la zamani zaidi: ndege ikishindwa kusimama, au mlima ukishindwa kutulia, pameachwa nafasi gani? Mwaka 2002 jibu lilikuwa hakuna, na gharama yake ililipwa mwaka 2007, 2008 na 2009, hasa na watu ambao hawakuwa na tiketi wala sauti katika uamuzi wowote. Kuvunja lava na kuacha eneo tupu mwisho wa lami ni kazi ya greda, fidia na mipango miji. Haihitaji kungoja amani yote ipatikane, na ikingoja, ajali haitangoja nayo.